Jeep ya sifa inakula shamba mara mbili

KASHEBERE, mpakani mwa Masisi na Walikale – Kuna gari ambalo karibu kila kijana mwenye simu amekwisha kuliona: gari la kifahari linalofunguka paa, dereva amevaa miwani ya jua, muziki unapigwa kwa nguvu. Hakuna mtu wa Kashebere atakayelinunua, maana mvua ya Masisi haimngojei mtu afunge paa. Lakini ndoto ni ile ile, imebadili nguo tu. Huku inaitwa jeep: Prado TX yenye viti vya ngozi, Harrier nyeusi, Range Rover au Mercedes ambayo mwenyewe wa kwanza aliichoka zamani huko Ulaya au Japani. Inanunuliwa kwa bei inayoonekana kuwa nafuu, inapigwa rangi, inasafishwa mpaka inang'aa, kisha inapandishwa milima ya Sake. Ikifika, inakaa.

Yafaa ukweli usemwe wazi. Jeep ya sifa iliyokwisha kutumika ni gari linalokula shamba mara mbili. Mara ya kwanza shamba linauzwa ili inunuliwe. Mara ya pili mbuzi, mavuno na makuta ya shule ya watoto vinauzwa ili itengenezwe. Anayepigwa picha mbele yake ni baba. Anayeilipa ni mama na watoto.

Kila mkaaji wa njia hii anaijua picha yake ya mwisho. Jeep imewekwa juu ya mawe chini ya migomba, matairi yametolewa, kuku wanataga chini ya injini. Barabarani, wanaume wanapita mbio wakibadilishana mabega chini ya kipoyi, wanampeleka mama mja mzito kwenye kituo cha afya. Gari lipo kijijini, mgonjwa anabebwa na watu. Hiyo si ajali wala mkosi. Ni matokeo ya hesabu mbaya iliyofanywa siku ya kununua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bei ya gari inashuka kila mwaka, lakini bei ya piese zake haishuki pamoja nayo. Range Rover iliyouzwa ikiwa mpya kwa bei ya nyumba inaweza leo kupatikana kwa bei ya Corolla. Mnunuzi anafurahi, anaona amemshinda muuzaji. Siku kifaa cha kwanza kinapokufa, anaambiwa bei ya kifaa cha Range Rover, si ya Corolla. Muuzaji alilijua jambo hilo. Mara nyingi ndiyo sababu aliuza.

Mfano mmoja unatosha. Range Rover za kuanzia 2002 hadi 2012 hazikai juu ya springi za chuma. Zinakaa juu ya mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa ndogo, na Mercedes nyingi kubwa ziko hivyo hivyo. Mfuko ukizeeka unavuja. Kompresa inafanya kazi bila kupumzika ili kuujaza, mwishowe nayo inaungua. Asubuhi mwenye gari anakuta jeep imelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Springi ya chuma ikivunjika, fundi wa Masisi anaweza kuiunga au kutafuta nyingine. Mfuko wa hewa hauungwi, na kompyuta ya gari haikubali kudanganywa.

Hapo ndipo penye shida nyingine. Mafundi wa njia hii wana akili na mikono mizuri. Wanafufua pikipiki na Fuso kwa funguo chache, nyundo na waya. Lakini gari lenye kompyuta likiwasha taa nyekundu linahitaji mashine ya kulisoma, na mashine hiyo iko mjini. Fundi asiye nayo anabaki kubahatisha: anabadilisha kifaa hiki, anabadilisha kile, na kila kubahatisha kunalipwa na mwenye gari. Kisha fundi anaitwa mwizi. Kosa si lake. Aliletewa gari lisilo la garaje yake.

Kuna pia mafuta. Huku watu wengi wananunua kwa kadhafi wa kando ya barabara, kwenye bidoni na chupa, na mara nyingine mna maji au vumbi ndani yake. Injini ya zamani ya mazutu, yenye pampu isiyo na kompyuta, inaweza kukohoa na kuendelea. Injini mpya ya mazutu inasukuma mafuta kwa nguvu nyingi mno kupitia matundu madogo sana, na uchafu kidogo unatosha kuua sindano zake. Sindano za aina hiyo si za kununua kwa pesa ya mihogo.

Wanaotetea jeep ya sifa wana majibu yao, na yafaa yasikilizwe.

Wanasema kwanza: barabara ndiyo mbaya, si gari. Ni kweli kwamba barabara ni mbaya, na wakaaji wana haki ya kuuliza. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa kwa sheria mwaka 2008, na unalishwa na makato kwenye kila lita ya mafuta. Mtu akipima matope ya njia ya Masisi kwa fimbo, ana haki ya kuuliza makuta hayo yalipita wapi. Lakini serikali kukosea hakumpi baba ruhusa ya kukosea zaidi. Anayejua kwamba barabara ni mashimo, kisha akanunua Harrier, amechagua mwenyewe. Harrier ilitoka mwaka 1997 ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Camry, gari la mjini. Ina sura ya jeep, lakini tumbo lake liko karibu na ardhi. Jiwe la Masisi halitazami sura.

Wanasema pili: gari ni heshima. Mwenye jeep anapewa kiti cha mbele harusini, na mwenye pick-up ya kazi anachekwa kwamba anaendesha gari la makaa. Basi jamii nzima ijiulize inamheshimu nani. Yule mwenye pick-up ndiye anayeteremsha maharage na ndizi za watu, ndiye anayegongewa mlango usiku mtoto akizidiwa na homa. Yule wa jeep anaomba asukumwe. Anayempa kiti cha mbele kwa sababu ya rangi ya gari anamsaidia kuharibu nyumba yake.

Wanasema tatu, na hili ndilo zito: nchi ina vita, shamba halikimbii, ng'ombe wanaibwa, bali gari linabeba familia. Hakuna wa kulicheka neno hilo. Januari 2025 Masisi-kati, Sake na Goma ziliangukia mikononi mwa M23, na mwezi Machi vita vikafika Walikale. Familia zilitoka na godoro kichwani na watoto mkononi. Kutaka gari la kukimbilia si ujinga. Lakini gari la kukimbilia lina sharti moja: liwake saa ile ile, usiku, katika matope, hata kama halikuguswa wiki mbili. Gari linalongoja kifaa kutoka Kampala halikimbii. Na gari linalong'aa ndilo la kwanza kuonwa na mwenye silaha kwenye barieri. Familia zilizokimbia zinajua kwamba vilivyowasaidia vilikuwa pikipiki, malori ya kazi na miguu. Leo, katika kambi na katika nyumba za waliowapokea, shamba lililobaki nyuma ndilo tumaini la kurudi. Kuliuza ili kununua jeep mbovu ni kujifungia njia ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo, je, asinunue mtu gari? Anunue. Kashebere inahitaji magari. Lakini anunue kwa akili ya mkulima, si kwa macho ya harusi.

Aanze kwa piese, si kwa gari. Kabla ya kutoa dola hata moja, apite kwenye maduka ya Goma aulize bei ya vitu vitano: klachi, radieta, pampu ya mafuta, shokamzoba na tairi moja. Ikiwa vitu hivyo havipo, au jumla yake inatisha, gari hilo si lake, hata akipewa bure. Tairi nalo si jambo dogo. Rimu kubwa ya fahari inavaa tairi nyembamba ambayo jiwe moja linaipasua, na mwenzake hapatikani Masisi.

Achague injini ambayo mafundi wa njia hii wamekwisha kuifungua mara nyingi. Land Cruiser ya kazi yenye injini 1HZ, mazutu, lita 4,2, silinda 6, haina turbo wala kompyuta ya kumlilia fundi. Nayo ina masharti yake: mkanda wake wa ndani ubadilishwe takriban kila kilomita 100 000, maana ukikatika unaharibu injini. Hata Prado si zote sawa. Zile za zamani zenye injini 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka kichwa cha injini zikichemka, na milima ya Masisi inachemsha.

Aende na fundi wake, si fundi wa muuzaji. Wafike asubuhi injini ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha pashwa moto inaficha magonjwa. Wafungue kifuniko cha oili: wakiona povu kama maziwa, huenda maji yameingia ndani. Watazame moshi: wa buluu unasema injini inakula oili. Walale chini waone kama chasi imeungwa. Watazame pedali na usukani: vikiwa vimelika sana na kilomita ni chache, kilomita zimerudishwa nyuma. Namba ya chasi ilingane na ile ya karte roze, herufi kwa herufi. Na usukani ukiwa kulia, akumbuke kwamba Kongo inaendesha kulia: kwenye kona za mlima, nyuma ya Fuso, dereva wa gari hilo haoni kinachokuja.

Mwisho, asimalize makuta yote. Mwenye dola 9 000 atafute gari la 6 000, na 3 000 zibaki nyumbani, mkononi mwa mke wake, zisiguswe ila kwa matengenezo. Asiyeweza kuziacha hizo, basi bado hajafikia gari. Pikipiki nzuri si aibu.

Na kabla shamba halijauzwa, familia ikae chini. Baba aeleze mbele ya mama na watoto wakubwa: gari lina miaka mingapi, piese zinatoka wapi, fundi ni nani, litaingiza nini kwa mwezi. Akishindwa kujibu, jibu limepatikana, na shamba libaki.