Umenawiri, au Umezidi?

Mwezi huu tuongee kitu ambacho wengi wetu tunakikimbia: kilo. Usifunue ukurasa wa pili kwanza, mwenzio nimekimbia miaka kumi.

Mwaka juzi nilikwenda zahanati kwa ajili ya mafua tu. Nesi akanipima presha, akanyamaza, akapima tena: 150 kwa 95. Akanipandisha kwenye mizani, kilo 78. Urefu wangu ni mita 1.60. Akaniuliza, “Dada, unaona huu ndio uzito wako?” Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ndiyo, maana kila harusi ninayokwenda naambiwa nimenawiri!

Nesi hakucheka. Akachukua kalamu akanionyesha hesabu ambayo hata wewe unaweza kuifanya kwenye simu yako sasa hivi. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe. Mimi: 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. 78 gawa kwa 2.56 ni 30.5. Hiyo ndiyo BMI. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima akiwa kati ya 18.5 na 24.9 yuko salama, kuanzia 25 amezidi, na kuanzia 30 huo ni unene wa kutibiwa. Kwa urefu wangu, uzito mzuri ni kama kilo 47 mpaka 63. Arobaini na saba! Jamani, nilikuwa na kilo hizo sekondari.

Ila msiichukue kama amri. Aliyeibuni, Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, hakuwa hata daktari. Alikuwa mtu wa takwimu na nyota, akitafuta umbo la mtu wa kawaida, sio nani mgonjwa. BMI haijui kama kilo zako ni misuli au mafuta. Haimfai mjamzito, na mtoto ana vipimo vyake. Na kubwa kuliko yote, haijui mafuta yamekaa wapi.

Basi bwana, nikaanza. Nilipunguza sahani ya wali, soda nikaacha, na jioni nikawa nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Miezi minane, kilo 71. Presha ikashuka mpaka 128 kwa 82, daktari akafurahi. Ndugu? Weee!

Shangazi alinivuta pembeni kwenye sendofu moja. “Mwanangu, unaumwa? Kuna nini nyumbani?” Nilijua anachouliza. Kizazi chake kiliona watu wakikonda na kuzikwa kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kwake yeye kukonda bado ni msiba unaokuja. Simlaumu. Na ukweli ni kwamba ukipungua ghafla bila kujaribu, unapaswa kwenda kupima. Mimi nilijaribu, tena kwa jasho.

Kilichoniuma zaidi ni baba watoto. Usiku ule akaniambia, “Mama Junior, inatosha sasa. Watasema sikulishi.” Yaani mwili wangu ni cheti chake cha matunzo! Tulinuniana siku tatu. Nilikasirika, halafu nikaona ana hofu kweli: mama yake naye alishampigia simu kuuliza.

Siku ya nne nikatoa tepu ya fundi cherehani. Nikamwambia, njoo nikupime na wewe. Akapanda mizani kwa madaha: kilo 74, urefu mita 1.70. BMI 25.6, amezidi kidogo tu. Akacheka, “Unaona?” Nikamwambia subiri, vua shati. Tepu inapita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu ametoa pumzi, sio amebana tumbo (alibana, nikamsubiri). Sentimita 98.

Kiuno cha mtu mzima kinatakiwa kisifike nusu ya urefu wake. Yeye nusu yake ni 85. Kwa mwanaume, kuanzia 94 hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo inaanza kupanda. Kwa mwanamke ni 80. Mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yanazunguka ini na viungo vingine vya ndani. Kile kitambi tunachokiita cha mafanikio, mikono na miguu ikiwa miembamba, mizani haikioni. Tepu inakiona.

Hakusema kitu. Asubuhi yake nikamkuta anajipima mwenyewe mbele ya kioo, bila kubana.

Mimi bado niko 71, sawa na BMI 27.7, na sina haraka ya 63. Daktari ameniambia hata kupunguza asilimia tano hadi kumi ya uzito wa mwanzo kunasaidia presha na sukari, na mimi nimeshapunguza tisa. Jumamosi hii tuna harusi tena. Shangazi atakuwepo. Baba Junior kaahidi akiulizwa atajibu mwenyewe, na tepu nimeiweka kwenye pochi.

Tukutane mwezi ujao!