Jambia Katika Uso wa Saa

Pamezuka katika miaka ya karibuni kauli inayosemwa kwa fahari, Maskati na Dubai, London na Geneva, na hata huku pwani: kwamba mtu anayenunua saa za mkono za kale, zile adimu na za thamani kubwa, anahifadhi turathi. Kauli hii ina sauti nzuri. Neno turathi humpendeza kila mtu, na tajiri hupenda zaidi kuitwa mhifadhi kuliko kuitwa mnunuzi. Lakini hata kauli yenye sauti nzuri haina budi kuulizwa: kinachohifadhiwa ni nini khasa?

Mfano ulio karibu zaidi na watu wa pwani unatoka Oman. Sultani Qaboos bin Said alishika utawala tarehe 23 Julai 1970, na katika muongo ule dola yake iliagiza saa nyingi za Uswisi, za Rolex, za Patek Philippe na za watengenezaji wengine, aghalabu kupitia duka la Asprey la London. Nyingi zilichorwa usoni nembo ya dola: jambia, ambalo Waomani huliita khanjar, juu ya panga mbili zilizopishana. Hizo hazikuwa saa za kuuzwa. Zilikuwa hidaya. Walipewa wageni, maofisa, na askari wa Kiingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Wasomaji wa Unguja, Pemba na Mombasa wanazijua zama hizo kwa njia nyingine. Ndizo zama ambazo jamaa zao wengi wenye asili ya Oman, waliosukumwa na misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya Januari 1964, walipokewa Maskati, wakapata kazi katika dola mpya, wakaingia na Kiswahili chao ambacho mpaka leo hakijatoka katika nyumba za mji ule.

Sasa saa hizo ziko minadani. Rolex yenye jambia huuzwa kwa bei inayoizidi mara nyingi pacha wake asiye na jambia. Chuma ni kile kile, mashine ni ile ile, fundi aliyeiunga ni mmoja. Tofauti ni nembo ndogo kuliko ukucha. Ni lazima basi iulizwe ukucha ule wa rangi una nini, na jibu halina siri: mkusanyaji ananunua heshima aliyopewa mtu mwingine. Hakuitwa kasri na hakushukuriwa, wala Dhofar hajawahi kuiona. Amelipa ili kiganja chake kikae mahali ambapo mkono wa mwingine ulipewa shukrani.

Jambo hili halikuanza na Oman wala halitaishia huko. Mwaka 1954 Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi alizuru Uswisi, akatunukiwa saa ya Patek Philippe ya dhahabu, yenye kuonyesha tarehe na sura ya mwezi. Ufalme wake ulipinduliwa Septemba 1974, naye akafariki mwaka uliofuata. Saa ikaibuka kwa Christie's mjini Geneva mwaka 2015, ikaondolewa mnadani kwa sababu palikuwa na mzozo juu ya uhalali wa umiliki wake, kisha 2017 ikauzwa mji ule ule kwa karibu faranga milioni 2.9 za Uswisi. Zawadi ilitoka Uswisi kwa heshima, ikarudi Uswisi kwa bei. Na tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo, mjini New York, Rolex ya mchezaji filamu Paul Newman iliuzwa kwa dola milioni 17.75. Ile alipewa na mkewe, naye alichora nyuma yake maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Huruma ya mke kwa mume imepigiwa nyundo ya dalali, na watu wakasimama kushangilia.

Mila za pwani zina adabu yake katika hidaya. Anayepewa kanzu na mzee wake huivaa mpaka ichakae, na akiitoa humpa mtu, hamwekei bei. Anayeiuza hudharauliwa, na aliyeinunua huku akijua ilikotoka hana la kujivunia. Adabu hii haikuandikwa katika sheria yoyote, wala haihitaji.

Kuna na maskhara ya jua. Saa iliyokaa nchi za joto, uso wake mweusi ukababuka kwa miaka ukawa wa kahawia, wakusanyaji huuita uso wa tropiki, na huongeza bei. Kilichokuwa kasoro ya kiwanda sasa ni uzuri, mradi kiwe usoni mwa saa. Jua lile lile linambabua mchuuzi wa Kariakoo kutwa nzima, na hakuna dalali aliyempandishia bei. Yeye mwenyewe pengine amevaa Casio ya plastiki, ambayo kwa usahihi wa majira inaishinda saa ya Newman kila siku ya Mungu.

Labda atatokea mtu aseme: lakini bila ya wakusanyaji, vitu hivi vingetupwa, vingeyeyushwa, vingepotea. Ni kweli, na haki isemwe. Ni wao wanaowalipa mafundi wachache waliobaki wenye kujua kutengeneza mashine za zamani, na ni wao waliotafuta barua na picha za kuthibitisha saa ipi ilikuwa ya nani. Lakini itazamwe saa yenyewe inaishi vipi baada ya kuokolewa. Inafungiwa katika kasha la chuma. Isipovaliwa husimama kwa siku mbili hivi, na mafuta ndani yake huganda pole pole. Thamani yake yote inategemea isiguswe, isisuguliwe, isifanye kazi. Kitu kilichotengenezwa kusema kimelipiwa mamilioni ili kinyamaze.

Na hapa ndipo penye turathi yenyewe, ambayo haipigiwi mnada. Mkulima wa Marui, kule Kisarawe, anapomwambia mwenzake wakutane shambani saa moja asubuhi, anahesabu tangu kulipopambazuka: saa moja ya mchana imetimia. Akitazama saa ya mkono, akrabu fupi imesimama kwenye saba. Jicho lake huvuka kitovu cha uso wa saa, likafika upande wa pili, likasoma moja. Hafikiri wala hahesabu vidole. Anatafsiri, kila siku, mara nyingi kwa siku, kitu kilichotengenezwa na watu wasiojua kwamba kitasomwa hivyo. Ratiba ya treni ikimwandikia 13:00, yeye husema saa saba mchana, na hachelewi. Wahabeshi nao huhesabu hivyo hivyo. Orodha ya mnada hutaja namba ya bweta, namba ya mashine, mwaka na majina ya waliomiliki. Namna saa ilivyosomwa si bidhaa, basi haimo.

Wenye kutaka kweli kuhifadhi saa ya watu wa pwani wasiende mbali. Waende Forodhani. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896, muda uliowekwa na Waingereza ulipokwisha saa tatu asubuhi, manowari zao zilipiga mizinga, na kwa dakika kama arubaini vita vikawa vimekwisha, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya jumba ukawa umeharibika. Baada ya hapo ndipo jumba likapata mnara wa saa usoni mwake, uliotazamwa na kila jahazi lililoingia bandarini. Tarehe 25 Disemba 2020, katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na serikali ya Oman, sehemu kubwa ya mbele ya jumba iliporomoka, na mnara ukaanguka nayo.

Ile haikuwa saa ya mtu mmoja, na hakuna aliyeweza kuifungia kasha. Bei ya jambia moja la Rolex ingetosha kumlipa fundi saa wa Mji Mkongwe kwa miaka, na wanafunzi wawili chini yake, wa kuitia ufunguo na kuipaka mafuta. Kati ya wanaojiita wahifadhi, ni nani ameuliza ni fundi gani atakayeitunza saa ya mnara mpya, na akrabu zake zitawekwa kwa hesabu ya nani?