Ziwa au Chupa: Tusimwachie Mama Peke Yake

Mwezi uliopita binti yangu, kitinda mimba wetu, alirudi nyumbani hapa Mombasa kuja kujifungua, kama ilivyo ada yetu kwa mimba ya kwanza. Akapata mtoto mwanamume. Siku ya saba tulichinja, tukampa jina. Wageni walipokwisha kuondoka, dada yangu alitoa mkobani zawadi yake: chupa mbili za kunyonyea na kopo kubwa la maziwa ya unga.

"Mtoto huyu analia usiku kucha," akasema. "Na mamake mwembamba hivi, ziwa lake litakuwa na nini? Mpeni haya ashibe, alale."

Binti yangu hakujibu neno. Aliinamisha kichwa, akamfunika mtoto kwa leso. Mama watoto akanitazama mimi, nami nikajua kwa nini ananitazama.

Huenda msomaji akashangaa kuona mwanamume mzima, mwenye mvi, akiandika habari za maziwa ya wanawake. Hata mimi zamani nilidhani hayo si ya wanaume, na ndiyo sababu leo naandika.

Kifungua mimba wetu alizaliwa mwaka 1983. Mke wangu alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mjini, nami nilikuwa karani. Sheria ya kazi ya 1976 ilimpa mzazi likizo ya miezi 2 yenye mshahara, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Miezi hiyo ilipokwisha, mtoto alibaki nyumbani na yaya na chupa. Nasema kweli, hatukuona kuwa ni taabu, bali tuliona ni maendeleo. Kopo lilikuwa na picha ya mtoto mnene wa mashavu, nami nililiweka katika kabati la vioo ili kila aingiaye alione.

Lakini kopo lilikuwa ghali kwa mshahara wa karani. Kila ulipofika nusu ya mwezi, nilimwambia yaya apunguze unga na kuzidisha maji, ili lifike mwisho wa mwezi. Maziwa yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Na maji yenyewe yalikuwa ya mfereji, na siku mfereji ulipokauka, ya mikokoteni. Kuyachemsha kulitaka mafuta ya taa, na mafuta ya taa ni pesa.

Mtoto alipotimiza miezi 4 alishikwa na tumbo la kuhara. Siku ya tatu macho yalikuwa yamedidimia, utosi umebonyea, analia bila machozi. Alilazwa siku 11. Daktari aliniuliza tulikuwa tukitia vijiko vingapi vya unga katika maji kiasi gani. Nikamdanganya. Mke wangu alikuwa kando yangu, akanisikia, na mpaka leo hajalitaja jambo hilo. Mtoto alipona, alhamdulillahi, na sasa ana watoto wake.

Basi hiyo ndiyo chupa niijuayo mimi. Simlaumu mke wangu wala yaya. Aliyepima unga kwa kutazama mfuko wake ni mimi.

Siku hizi mengi yamejulikana. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtoto atiwe ziwani katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 bila hata maji, kisha anyonye pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, dang'a, ambayo baadhi ya wazee wetu waliyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu, ndiyo ngao ya kwanza ya mtoto dhidi ya maradhi.

Jambo jingine ambalo wengi hatulifahamu ni kwamba ziwa si kama mtungi unaojazwa mara moja ukateka mpaka ukaisha. Kadiri mtoto anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyotengenezwa. Ukimpa chupa usiku ili alale, ziwa halinyonywi, na maziwa hupungua. Kisha tunasema, "Si mnaona? Tuliwaambia hana maziwa!" Wala wembamba wa mama si kipimo. Na mtoto mchanga halii kwa njaa tu. Hulia kwa joto, kwa gesi tumboni, na kwa kutaka kushikwa.

Ulimwengu nao umeijua hatari hii. Mwezi wa Mei 1981, mkutano wa Shirika hilo la Afya ulipitisha kanuni za kuzuia maziwa ya makopo yasitangazwe ovyo kwa kina mama. Nchi 118 zilikubali, na Marekani peke yake ikapinga. Kenya nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2012. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2008 na 2009 ulionyesha kuwa ni asilimia 32 tu ya watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 61. Lakini uchunguzi wa 2022 ulionyesha asilimia 60. Kwa nini basi tumekwama hapo?

Kwa maoni yangu, tumekwama kwa sababu tumemtwika mama mzigo huu peke yake. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuitazame aya ya 233 ya Sura ya al-Baqara. Wanaume tunaipenda sana sehemu yake ya kwanza, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza. Tukifika hapo twanyamaza. Lakini aya inaendelea. Inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama. Inakataza mama au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Inawaruhusu wawili hao kumwachisha ziwa mapema kwa kuridhiana na kushauriana, na inaruhusu mtoto kunyonyeshwa na mwanamke mwingine. Bwana Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alinyonyeshwa na Bi Halima. Aya hii, basi, si fimbo ya kumchapia mwanamke. Sehemu yake kubwa inatuhusu sisi wanaume.

Hebu tujiulize. Zamani mzazi alikaa arubaini amezungukwa na bibi, somo na mashangazi. Huyu ampikia uji wa pilipili manga, yule afua nguo, mwingine ampakata mtoto ili mama alale. Leo mzazi yuko chumba cha kupanga Kisauni, mume katoka alfajiri, na aliyebaki naye ni simu. Akitafuta chupa tumshangae?

Na kazi je? Sheria ya 2007 humpa mama miezi 3 bila kupoteza likizo yake ya mwaka, na baba wiki 2. Sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Ni hatua njema. Lakini mtoto anahitaji miezi 6, na mama amepewa 3. Hiyo mingine nani atailipa? Mwenye friji na mahali pa faragha aweza kukamua maziwa akayahifadhi. Muuza mahamri je? Na yaya anayelea watoto wetu, wake amemwacha kwa bibi yake Kilifi. Anakunywa nini?

Sisemi kwamba chupa ni haramu. Wako mama wagonjwa, wako mayatima, wako waliojaribu kwa machozi ikashindikana. Hao wapewe ushauri wa daktari, wala wasisimangwe. Ikibidi maziwa ya kopo, basi maji yachemshwe, unga upimwe kama ulivyoandikwa bila kupunguzwa hata kijiko, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, kwani ni rahisi kusafishwa kuliko chupa. Asiyeweza kuyanunua kwa kipimo kamili asidanganywe kuwa ni mkato.

Usiku ule nilimsimulia dada yangu habari ya 1983 yote, pamoja na uongo niliomwambia daktari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutaja mbele ya mke wangu. Dada alinyamaza kwa muda, kisha akaenda jikoni kumpikia mzazi uji. Mkwe wangu nimemwambia zile wiki 2 si za kukaa barazani. Asubuhi hufua nepi, na mjukuu akiamka usiku huamka naye, humbadilisha na kumbembeleza akishanyonya.

Kopo liko kabatini, halijafunguliwa. Sikulitupa, kwa sababu ni zawadi, na ya kesho ayajua Mungu. Lakini safari hii halipo katika kabati la vioo.