Ramani ya Mbinga Haifai Mbamba Bay

Wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kulikuwa na mengi ya kugawana, kama ilivyo kwa wilaya yoyote inayozaa nyingine: watumishi, magari, samani, madeni. Ramani za majengo hazikugawanywa, kwa kuwa hazikuwa za Mbinga wala za Nyasa. Zahanati, kituo cha afya, vyumba vya madarasa, nyumba ya mwalimu: michoro yake inashuka kutoka ngazi ya taifa, fedha zinafuata mchoro, na fundi anakabidhiwa karatasi aanze kuchimba msingi. Karatasi anayopewa fundi wa Litembo, juu katika milima ya Wamatengo, ndiyo anayopewa fundi wa Liuli, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Hoja ya tahariri hii ni kwamba karatasi hiyo, kuliko jua na kuliko hata mabadiliko ya tabianchi, ndiyo itakayoamua mwambao wetu utahitaji umeme kiasi gani wa kujipoza miaka 30 ijayo.

Msomaji asiyeujua Mkoa wa Ruvuma apate kwanza picha ya mahali penyewe. Mbinga mjini na Mbamba Bay ya ufukweni vinatenganishwa na kilomita 66 hivi za lami. Mbinga iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko karibu mita 475. Hewa huongezeka joto kwa digrii 6 au zaidi kidogo kila unaposhuka mita 1,000, kwa hiyo abiria aliyepanda basi Mbinga na koti lake anaongezewa digrii 5 hivi kabla hajashuka, mbali na unyevu na jua linalorudishwa na maji. Juni na Julai mtu wa Mbinga anaota moto. Akiulizwa baa kama anataka bia ya baridi au ya moto, hashangazi mtu akitaka ya moto. (Baridi hiyo ni mali, tusisahau: kahawa ya arabika iliyojenga nyumba nyingi za Umatengo isingestawi bila hiyo.) Kule chini, Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, watu wanachelewa kuingia ndani kulala, wanasubiri ukuta upoe.

Wataalamu wa nishati wanapima mambo haya kwa kitu kinachoitwa digrii-siku za upoozaji. Unachagua kiwango cha joto ambacho mtu akikipita anaanza kutafuta ubaridi, unakitoa kwenye wastani wa joto la siku, kinachobaki unakijumlisha mwaka mzima. Hesabu ni nyepesi, ila ina mtego. Tuseme, kwa mfano tu, siku moja ufukwe una wastani wa digrii 27 na Mbinga 20. Ukianza kuhesabu kwenye 18, kama inavyofanywa sana Marekani, ufukwe unapata 9 na Mbinga 2. Joto likipanda digrii moja kote, ufukwe unafika 10 na Mbinga 3. Kwa asilimia, basi, Mbinga ndiyo yenye dharura: mahitaji yake yamepanda kwa nusu, wakati ya ufukweni yamepanda kwa moja ya tisa. Sasa anza kuhesabu kwenye 24. Ufukwe unatoka 3 kwenda 4, yaani theluthi nzima, na Mbinga inabaki sifuri. Hewa haikubadilika, aliyebadilika ni mwenye kalamu. Mkazi wa Mbamba Bay hatafuti feni kwenye digrii 18, anatafuta blanketi. Tunamwomba msomaji, kila atakapokutana na mchoro wa mahitaji ya ubaridi unaopanda kwenda kulia, humu au kwingineko, aulize umeanza kuhesabiwa wapi.

Kwamba joto limepanda hatubishi. Wastani wa Tanzania umeongezeka kwa takriban digrii moja tangu miaka ya 1960. Ziwa lenyewe limeguswa: vipimo vilivyoanzia 1939 vinaonyesha kwamba maji yake ya kina yaliongezeka joto kwa karibu digrii 0.7 katika miongo sita. Lakini digrii moja haielezi makadirio ambayo Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa mwaka 2018, kwamba viyoyozi duniani vitatoka bilioni 1.6 na kufika bilioni 5.6 ifikapo 2050. Kinachoyaeleza ni kipato, nguzo za umeme, bei ya mashine na namna tunavyojenga.

Dar es Salaam inatosha kuwa ushahidi. Sensa ya 2012 iliikuta na watu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38, lakini haikuongezeka watu tu, ilibadilika majengo. Waliojenga Hospitali ya Ocean Road mwaka 1897 hawakuwa na kiyoyozi, basi waliielekeza baharini na kuipa varanda za kivuli. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na ua nyuma na baraza mbele, upepo ukipita katikati. Baadaye ghorofa za vioo zikachukua viwanja vile vile, chini ya jua lile lile, na leo ukipita kwenye vichochoro vyake unadondoshewa maji ya viyoyozi shingoni. Jua halina kosa hapo. Mji ulijengwa upya kwa namna ambayo haikai bila mashine, na kila mashine inayotoa joto chumbani inalimwaga mtaani, kwa jirani.

Mbamba Bay bado haijawa mji wa namna hiyo, na ndiyo sababu tumeuchagua mwambao huu badala ya Dar es Salaam, ambayo imeshaandikiwa vya kutosha. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari yake mpya Septemba 2024. Lami imefika. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, ikazipumzisha jenereta za dizeli. Anayedhani mji hautakua hapo ajiulize lami, bandari na umeme vikikutana mahali huzaa nini.

Lakini ubaridi wa kwanza unaohitajika ufukweni hauhusu mwili wa binadamu kabisa. Unahusu chanjo na samaki. Chanjo nyingi zinatunzwa kati ya digrii 2 na 8, na kwa miaka mingi zahanati za vijijini zilitegemea friji za mafuta ya taa, ambazo utambi ukichafuka au mafuta yakiisha hupoteza ubaridi bila kelele. Friji za sola zimepunguza hofu hiyo. Samaki hawajapata bahati hiyo. Usipa anayevuliwa kwa taa usiku wa giza anaanikwa mchangani asubuhi, na jua kali linamfaa. Adui yake ni mvua za masika, zinapomkuta hajakauka. Mbasa hana njia hiyo. Mbasa akitoka majini saa kumi na moja alfajiri anaanza kuharibika jua likichomoza, na mvuvi asiye na barafu hauzi kwa bei yake, anauza kwa bei ya mwenye ndoo na pikipiki anayemsubiri ufukweni. Hapa barafu ni mkono wa mvuvi katika kupatana bei. Lami imemwongezea wanunuzi wa Mbinga na Songea, lakini bila barafu lami inamfaidisha zaidi mwenye gari. Barafu inayopatikana mara nyingi ni ile ya mifuko ya nailoni, inayogandishwa na mama mwenye friza nyumbani, umeme ukiwepo usiku kucha. Mahitaji hayo hayaonekani katika digrii-siku zozote. Tunapozungumza mwelekeo wa muda mrefu wa mahitaji ya ubaridi katika Ziwa Nyasa, mstari wa kwanza unaostahili kuchorwa ni wa tani za barafu.

Mstari wa pili ni wa nyumba, na kuuelewa inabidi tushike LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Tangu bei zilizotangazwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asipite uniti 75 kwa mwezi. Akipita mara kwa mara, anahamishiwa kundi la shilingi 292. Sasa tupige hesabu ya nyumba moja ya Mbamba Bay. Feni ya wati 70 ikizunguka saa 10 kila usiku inakula uniti 21 kwa mwezi. Friji ndogo tuipe 30, taa na simu na redio 10. Jumla 61, shilingi 6,100, mwenye nyumba amebaki katika kundi la bei nafuu. Mwanawe aliyeko Dar amletee kiyoyozi cha wati 1,000, na mashine hiyo ivute umeme wake wote kwa saa 5 tu kwa siku: uniti 150. Jumla ni 211, na sasa zote zinalipiwa 292, ikiwemo taa ya msalani. Ni shilingi 61,612. Mara kumi. Hakuna wizara iliyoiita bei hiyo sera ya upoozaji, lakini ndiyo sera ya upoozaji yenye nguvu kuliko zote tulizo nazo, na mtu anayetaka kuibadilisha kwa nia njema, ili wanyonge nao wapoe, aangalie asifungue mlango wa mashine kabla ya kurekebisha paa.

Maana tatizo liko juu ya paa na pembeni mwa ukuta. Nyumba ya nyasi ilikuwa na kasoro zake, kuanzia panya hadi moto, na hatumwambii mtu aliyehangaika miaka kununua bati arudi kwenye nyasi. Anayesema hivyo kwa kawaida analala chini ya vigae. Lakini bati tupu lisilo na dari linageuka jiko lililofunikwa juu ya kitanda. Madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo sasa ndiyo heshima ya nyumba mpya, hayafunguki zaidi ya nusu yake. Chandarua, ambacho hakuna mtu mwenye akili atakayekiacha katika mwambao wenye malaria, kinakata upepo uliobaki. Paa limeishia ukutani kwa sababu kurefusha ukingo ni kuongeza bati, kwa hiyo jua la saa tisa linapiga ukuta moja kwa moja, na tofali linalihifadhi hadi usiku wa manane. Milimani Litembo nyumba hiyo hiyo ni nzuri: madirisha madogo yanazuia baridi, na ukuta uliopata jua mchana unamfaa bibi usiku. Inaposhushwa ufukweni bila kuguswa ndipo inapoanza kuomba umeme.

Kuna jambo la majira pia. Dar es Salaam inachemka kati ya Januari na Machi. Mwambao wa Nyasa unachemka Oktoba na Novemba, mwishoni mwa kiangazi, mito ikiwa imepungua kuliko wakati wote. Ruvuma ina umeme wake wa maji: masista Wabenediktini wa Chipole walijenga kituo cha Tulila, megawati 5, kwenye Mto Ruvuma, kilichoanza kazi mwaka 2015, na karibu na Mbinga kipo cha Mbangamao. Vituo vidogo vya namna hii vinapata maji haba katika miezi ile ile ambayo feni za ufukweni zinazunguka usiku kucha. Gridi ya Taifa inaziba pengo, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limetupa nafasi ya kupumua. Lakini umeme unaofika mwisho wa laini ndefu hauna tabia ya umeme wa Ubungo kule Dar es Salaam, kama anavyojua kila mwenye friza aliyewahi kuamka akakuta samaki wameyeyuka.

Mtu anaweza kuuliza: ziwa lenyewe je? Tangu 2004 Toronto inapoza majengo yake ya katikati ya jiji kwa maji ya Ziwa Ontario, yanayovutwa kutoka mita 83 chini yakiwa na digrii 4. Nyasa lina kina cha takriban mita 700. Wazo linavutia hadi uteremshe kipimajoto: chini kabisa maji yana digrii 22 au 23. Ziwa la nchi za joto halina akiba ya baridi ya kipupwe. Linachotupa ni upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi linavuma kwa nguvu, Wamalawi wanaliita mwera, wavuvi wanaliogopa, na hata miezi ya joto kuna upepo wa mchana kutoka majini. Nyumba iliyoelekezwa vizuri inaupata bure. Viwanja vinavyopimwa kwa mistari iliyonyooka kufuata barabara mara nyingi vinaugeuzia kisogo.

Kuna hoja moja dhidi yetu ambayo tunaiheshimu. Ramani moja ya taifa imeokoa fedha nyingi. Mkaguzi akienda Nyasa au Newala anajua zahanati inapaswa kula mifuko mingapi ya saruji, na wajanja wamekosa pa kujificha. Ukiruhusu kila halmashauri ichore yake, utarudisha washauri elekezi na bili zao. Tunakubali. Ndiyo maana hatuombi ramani 184, tunaomba mbili. Moja ya maeneo ya juu ya mita 1,000, nyingine ya chini yake, kila moja na orodha yake ya vifaa inayokaguliwa vile vile. Ya chini iwe na dari, ukingo mrefu wa paa, baraza upande wa magharibi, na madirisha yanayofunguka yote yakiwa na nyavu. Ingefaa Mbamba Bay na Lituhi, ingefaa pia Manda kule Ludewa, Kyela, Kigoma na mwambao wote wa Bahari ya Hindi. Na fundi anayejenga zahanati Jumatatu ndiye anayejenga nyumba za watu Jumamosi: akijifunza baraza kazini, atalipeleka mtaani.

Makala yanayofuata hayakubaliani yote na sisi, na mawili yanatupinga waziwazi kuhusu bei ya umeme. Tunachokosa bado ni hesabu ya vifaa. Mhandisi wa halmashauri yoyote aliyewahi kupiga gharama ya kuongeza dari na baraza kwenye jengo la zahanati, kwa bei za saruji, mbao na bati za Mbinga au Mbamba Bay, atuletee. Tutaichapisha katika toleo lijalo, hata kama itatuumbua.