Kihenge Kimejaa, Mtoto Hakui

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulioni ingawa liko mbele ya macho yetu kila siku. Ni urefu wa watoto wetu.

Uzito tumezoea kuuangalia. Mtoto akikonda, bibi atasema, jirani atasema, na kliniki muuguzi atauliza. Lakini mtoto aliyedumaa si lazima akonde. Mara nyingi ana mashavu, anacheza, anacheka, na tumbo lake limejaa ugali. Akisimama na wenzake wa rika lake hapo kijijini analingana nao, kwa sababu wengi wao nao wamedumaa. Basi mama huona mambo yote ni salama.

Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika nchi nzima, kati ya kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa. Katika mkoa wetu wa Iringa walikuwa karibu 57. Njombe na Rukwa walikuwa kama 50. Mama, soma tena majina ya mikoa hiyo. Ndiyo mikoa inayolisha wengine! Mahindi yetu, maharage, njegere, viazi, nyanya na vitunguu vya Ilula vinapakiwa kwenye malori usiku na mchana kwenda Dar es Salaam. Siyo njaa, basi, inayodumaza watoto wetu.

Wengine husema, "Sisi ni wafupi kwa ukoo." Jibu hili nalisikia kila wiki, na akina baba ndio wanaolipenda zaidi. Ni kweli kwamba watu wazima hutofautiana. Lakini kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wa Ghana, Oman, India, Brazil, Norway na Marekani, watoto walionyonyeshwa vizuri, waliolishwa vizuri na kuishi katika usafi. Ilionekana kwamba mpaka kufikia miaka mitano watoto wa nchi hizo zote hukua kwa namna inayofanana sana. Ukoo hauanzi na kijiji kizima kuwa na watoto wafupi.

Wala siyo habari ya urefu tu. Mwili wa mtoto ukikosa vitu vya kujengea, hupunguza ujenzi kote, mifupa, damu, kinga na ubongo. Na ubongo hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Hizo ndizo siku 1000 ambazo wauguzi hatuchoki kuzitaja. Mtoto aliyepungukiwa katika siku hizo huugua mara kwa mara, huchelewa kuanza kusema, na darasani mwalimu humwita mzito wa kuelewa.

Wazee wa mkoa huu watakumbuka kwamba jambo la lishe si geni kwetu. Mwaka 1983 ulianzishwa Iringa mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za serikali ya Italia. Wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani ya mkoa wetu, na Kilolo haijawa wilaya. Mpango ulianza katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hapo hapo kijijini, kwenye mizani ya kuning'inia, halafu majibu yalijadiliwa na viongozi wa kijiji. Ni mtoto wa nani ameshuka? Kwa nini? Sisi kama kijiji tufanye nini? Katika miaka michache watoto waliokuwa na upungufu mkubwa wa uzito walipungua sana, na mafunzo yaliyopatikana huku yaliingia katika mpango wa lishe ambao UNICEF iliutoa kwa ajili ya dunia nzima mwaka 1990. Wengi wa umri wangu tulininginia kwenye mizani zile tukilia.

Ninalotaka kusema ni kwamba mizani ile ilitusaidia kuwaona waliokonda. Aliyebaki mfupi mizani haimwoni. Huyo anahitaji ubao wa kupimia urefu, na ubao huo katika zahanati nyingi unasimama ukutani ukiwa na vumbi.

Sasa, kama chakula kipo, kinapotelea wapi kabla ya kufika kinywani mwa mtoto? Nitawaeleza habari ya mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani, ambaye ameniruhusu kuisimulia bila kumtaja jina. Ni mkulima hodari wa viazi. Mtoto wake wa pili, mvulana, alipotimiza miaka miwili tulimpima akapata sentimita 77. Nikamwomba anieleze mtoto alikula nini jana yake. Asubuhi, uji. Mchana, mabaki ya uji ule ule kutoka kwenye chupa ya chai, akinyweshwa na dada yake wa miaka minane, kwa sababu mama alikuwa shamba la mbali. Jioni mama alirudi saa kumi na mbili, akachota maji, akawasha moto. Ugali ulipoiva saa mbili na nusu mtoto alikuwa amelala. Basi! Na nyumbani hapo palikuwa na kuku tisa, maharage debe mbili, na mparachichi uani ambao matunda yake mazuri yalisubiri mnunuzi.

Huyu si mama mvivu wala mzembe. Hakuna aliyekuwa na kazi nyingi kuliko yeye. Shida ilikuwa saa, na ilikuwa uji.

Tuanze na uji. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua kama kikombe kimoja tu kwa mara moja. Ukimjaza uji mwepesi unaonyweka, umemjaza maji. Anashiba, anatulia, na wala hajapata cha kujengea mwili. Uji wa mtoto uwe mzito, ubaki juu ya kijiko usitiririke. Akina mama hunijibu kwamba mtoto mdogo hawezi kuumeza. Dawa yake ipo, tena mnaijua wenyewe, hasa ninyi mnaojua kutengeneza komoni. Ni kimea! Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa nchi yetu walikihimiza sana, halafu kikasahauliwa. Loweka ulezi usiku kucha, umwage maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, uanike ukauke vizuri, kisha usage. Pika uji mzito wa kawaida, uuepue upoe kidogo, kwa maana ukiwa unachemka kimea hakifanyi kazi. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, ukoroge. Baada ya dakika chache utaona uji umelegea bila kuongezwa hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena ndipo umpe. Tumieni ulezi, siyo mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu.

Katika uji huo ongeza kitu kimoja au viwili vya kujenga mwili. Yai lililopigwa, maziwa, dagaa waliooshwa, wakakaushwa na kusagwa wakawa unga, au maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Parachichi lipondwe kwa uma, halihitaji hata kuni. Hapa niseme wazi kwamba siupendi ule unga uitwao wa lishe, wenye mahindi, ngano, mchele, soya, karanga na kila nafaka iliyopatikana sokoni, vyote vikasagwa pamoja. Mahindi, ngano na mchele ni ndugu wa baba mmoja. Kuviweka vyote hakumwongezei mtoto jambo kubwa. Karanga zikikaa muda mrefu ndani ya unga huvunda na kuota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu iharibuyo ini. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Saga nafaka moja, na karanga uzisage kidogo kidogo za siku chache, baada ya kuchagua na kutupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi.

Jambo la pili ni saa. Mtoto wa miezi sita hadi minane alishwe mara mbili au tatu kwa siku pamoja na kunyonya. Kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, na akishatimiza mwaka aongezewe tunda au kitu kidogo katikati mara moja au mbili. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili. Najua mtasema, "Muuguzi huyu hana shamba." Ninalo. Ndiyo maana sisemi mpike mara tano. Maharage yakipikwa mara moja asubuhi yanatosha siku nzima, mradi yafunikwe na kuchemshwa tena kabla ya kulisha. Na mtoto asisubiri ugali wa watu wazima. Chakula chake cha jioni kitoke kwanza, saa kumi na mbili, angali macho, katika sahani yake mwenyewe. Akila sinia moja na kaka zake wakubwa, wao humaliza mboga yeye akibaki na tonge kavu.

Kwa akina bibi, shikamooni, nawaomba sana jambo moja. Msimpe mtoto ulanzi. Najua mnasema ule wa asubuhi ni mtamu kama maji ya sukari, hauna kilevi. Lakini ulanzi hauachi kuchacha. Uliogemwa alfajiri ukiwa mtamu, jioni ni pombe, na kikombe kile kile kimechukua nafasi ya chakula tumboni. Chai ya rangi pamoja na chakula nayo isizoewe, kwa kuwa huzuia madini ya chuma kuingia katika damu.

Kuhara kunarudisha nyuma kazi yote hii. Mtoto anayetambaa kwenye uwanja wenye kinyesi cha kuku na kutia mikono mdomoni anaweza kupata wadudu kila siku hata kama haharishi kwa kuonekana, na matumbo yake hushindwa kuchukua chakula. Kuku wajengewe banda, na mikono ya mtoto na ya mlishaji ioshwe kwa sabuni. Akiugua asinyimwe chakula, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili.

Na akina baba, ambao najua husoma ukurasa huu kwa kuchungulia. Udumavu huanza tumboni. Mke mjamzito anayebeba kuni, maji na mtoto mgongoni mpaka mwezi wa tisa, huku akila mara mbili, atazaa mtoto aliyekwisha pungukiwa. Anahitaji kula zaidi kuliko alivyozoea, vidonge vya kuongeza damu kila siku, na mtu wa kumpokea mzigo. Tena nafasi ya miaka miwili au zaidi kabla ya mimba nyingine ni uamuzi wenu wawili. Wanaosema mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele, mwacheni mama ale mayai muone wenyewe.

Yule mvulana wa sentimita 77 sasa anasoma darasa la kwanza. Bado ni mfupi kuliko ilivyopasa, nisiwadanganye. Baada ya miaka miwili ni vigumu kuurudisha urefu wote uliopotea. Lakini kulishwa vizuri, kuongea naye, kumwimbia na kumpa vitu vya kuchezea havikuwa bure, maana anasoma na anahesabu. Mdogo wake wa kike alizaliwa baada ya mama kuacha kuuza mayai yote na baba kuanza kuchota maji kwa baiskeli. Alipotimiza mwaka mmoja tulimlaza kwenye ubao, akapata sentimita 74. Huo ndio urefu hasa wa msichana wa mwaka mmoja.

Mkienda kliniki mwezi huu, mtoto akishapimwa uzito, ombeni kwa upole apimwe na urefu, na muuguzi auandike kwenye kadi. Chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, zaidi ya hapo akisimama bila viatu. Mtoto wa mwaka mmoja hufikia kama sentimita 75. Mvulana wa miaka miwili asiyefika 81 akisimama, au msichana asiyefika 79, amedumaa, na mwulize muuguzi mfanye nini. Mkiambiwa ubao haupo, mwambieni mwenyekiti wa kijiji alitaje jambo hilo katika mkutano, kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya. Fundi seremala yeyote anaweza kuutengeneza, akipewa vipimo sahihi na zahanati.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia minyoo, maana barua zenu juu ya minyoo zimekuwa nyingi.