Kamba barabarani: ni kodi, ao ni unyang'anyi?

Mama anatoka Kisenge na gunia mbili za muhogo, anaelekea Kolwezi. Njiani anakuta kamba. « Toa 5 000 franka. » Anaomba karatasi ya malipo. Wanamujibu: bila feza, gunia zitabakia hapa, na wewe utalala kashoti.

Hiyo haiko kodi. Katiba ya 2006, artikle 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu.

Tumezoea kuita yote « madesu ya bana », na hilo jina linaficha kosa. Sheria ya makosa inatofautisha. Mutumishi wa Serikali anayedai malipo akijua hayako ya haki, artikle 146 inamupa kifungo cha miezi 6 mpaka miaka 5. Lakini feza ikitolewa kwa nguvu ao kwa vitisho, ni ekstorsio, artikle 84: miaka 5 mpaka 20, pamoja na faini. Hata kumulazimisha mutu atie sinyatire kwenye karatasi ya deni, ni kosa lilelile.

Basi, usipigane kwenye kamba. Shika akilini saa, pahali, kiasi cha feza na nani alikuwa anaona. Kama ni raia, peleka mashitaka parke. Kama ni askari ao polisi, peleka oditora ya jeshi. Na ukifika kule, usiseme « waliniomba kidogo ». Sema: walinitisha, wakaninyang'anya. Hapo ndipo sheria inaanza kukusikia.