Mtoto na Bibi Asahauye



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tutafakari jambo lililomo majumbani mwetu, hapa Mirongo na katika Kanda yote ya Ziwa. Bibi anamwita mjukuu kwa jina la nduguye aliyefariki zamani. Anauliza swali moja mara kumi. Usiku anaamka na kuzunguka uani. Mtoto anashangaa, kisha anatutazama sisi ili ajue la kufanya.

Sote tunalifahamu neno baya linalotamkwa hapo: "Huyo ni mchawi." Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, miaka ya 1990 na 2000, neno hilo liliwagharimu uhai wanawake wazee wengi. Hata macho mekundu, ambayo mara nyingi husababishwa na moshi wa jikoni, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Walioua nao walikuwa watoto hapo kabla, wakafundishwa hofu hiyo na watu wazima.

Madaktari wanatueleza kwamba kupotewa na kumbukumbu kwa namna hii ni maradhi ya ubongo, yaitwayo demensia. Uchunguzi uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulionyesha kwamba kati ya wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 au 7 wanayo. Mambo ya jana hutangulia kupotea. Ya utotoni hukawia, pamoja na nyimbo na sala zilizozoeleka. Hapo mtoto mdogo aweza kumfaa bibi kuliko sisi, kwani hajali kama bibi anaijua siku ya leo. Wataimba pamoja, watachambua maharage, watasali Salamu Maria.

Basi tuwafundishe watoto. Mtoto aketi mbele ya bibi, ataje jina lake mwenyewe, aseme jambo moja fupi kwa wakati mmoja. Asiulize, "Bibi, unanikumbuka?" maana swali hilo humtia bibi aibu. Akiulizwa tena, ajibu tena. Bibi akikasirika, mtoto aje kutuita, akijua kwamba hakukosa yeye. Lakini tusimwachie mtoto kazi ya kumlinda mgonjwa. Hiyo ni yetu. Nasi tumpeleke mgonjwa hospitalini, wala si kwa mpiga ramli, kwa kuwa baadhi ya visababishi vya kuchanganyikiwa hutibika.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana kumvumilia baba yake hata akili zikimpungua. Naye hayati Papa Fransisko alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai. Tusingoje Julai. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zisali katika nyumba zenye wagonjwa hawa, na watoto wawepo, wasikie tukimwita bibi kwa heshima.

Mungu awabariki nyote. Amina.